Siku Tuliyoachwa na Watu Bujora

Tulipoondoka asubuhi tulikuwa kumi na mmoja, na tuliporudi usiku, saa tano kasorobo, tulikuwa kumi na mmoja vilevile. Padre mlezi alituhesabu getini kwa tochi kabla ya kuuliza jambo lolote. Kisha akauliza viatu vya mwenzetu mmoja viko wapi, na majembe saba tuliyobeba mabegani ni ya nini. Ruhusa tuliyokuwa tumepewa ilikuwa ya kwenda Misa Bujora na kutazama ngoma. Sisi tuliona kati ya kutazama na kucheza hakuna umbali mrefu, na majembe tulikuwa tumeyatanguliza tangu Ijumaa kwa gari la mboga.

Adhabu ilikuwa ndogo kuliko tulivyoogopa: Jumamosi mbili za kupalilia shamba la mihogo, na makala hii. “Mliyoyafanya pamoja mtayaandika pamoja,” alisema Padre. Kwa hiyo msomaji atuvumilie. Tumeandika watu kumi na mmoja kwa kalamu moja, na zipo aya ambazo baadhi yetu wangependa zifutwe.

Kwa wasiojua, Bujora iko Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza ukifuata barabara ya Musoma. Ni parokia, na hapohapo ni Makumbusho ya Wasukuma. Bulabo ni neno la Kisukuma lenye maana ya maua, na tamasha lilipata jina hilo kutokana na maua ya Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, Ekaristi inapozungushwa kwa maandamano. Sherehe hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, wakati mavuno yameshaingia ghalani na mkulima ana nafasi ya kupumua. Tangu zamani huo ndio msimu wa mbina, yaani ngoma. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, aliona mambo hayo mawili yamekaa jirani kwenye kalenda, akayaunganisha. Alianza kazi Bujora miaka ya 1950. Kanisa la pale ni la duara, limejengwa kwa mfano wa nyumba za Wasukuma, na tabernakulo yake ina umbo la msonge. Alikusanya ngoma za watemi, viti vyao na masimulizi ya wazee, kisha akawakaribisha wachezaji waje washindane.

Haya yote tulikuwa tumeyasoma. Darasani tulikuwa na majuma sita ya utamadunisho, na kila mmoja wetu aliweza kukutajia kwamba Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia Takatifu ilitolewa Desemba 4, 1963, na kwamba namba 119 inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayoustahili. Tuliweza hata kuongeza kwamba mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tulipata alama nzuri. Kisha mmoja wetu akauliza kwa nini tunasoma habari za Bujora kama vile iko Roma, wakati nauli yake ni ya daladala.

Tulikuwa na kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya majembe. Tulikuwa tumeicheza mara tatu: siku ya somo wa seminari, siku ya Gambera kutimiza miaka 25 ya upadre, na siku walipokuja wageni kutoka Ujerumani. Mara zote tatu tulishangiliwa sana. Hatukufikiri wakati ule kwamba wale waliotushangilia walikuwa wamekaa kwenye viti vya ukumbi wetu, wakisubiri chakula, na hawakuwa na pa kwenda. Tulijiona tumeiva. Kupitia mwalimu mmoja wa Kisesa tukaomba nafasi ya nusu saa tu, pembeni mwa uwanja, mchana baada ya Misa. Tukapewa.

Si wote tuliotaka. Mwenzetu wa Bukoba alisema wazi kwamba yeye hachezi. Hoja yake ilikuwa kwamba uwanja ule una mambo yake, kuna watu wanaokuja na dawa za kuvuta watazamaji, na frateri akionekana katikati ya nyoka na hirizi nani atamweleza mama wa jumuiya aliyemwona? Tulimcheka kidogo, lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Historia ya mbina ya Wasukuma haitenganiki na dawa. Vyama viwili vikuu vya wachezaji, Wagika na Wagalu, vinasimuliwa kuwa vilianzishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Mashindano yenyewe ni haya: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na watu wako huru. Wanaelekea wanakovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ng'wanamalundi, Mgika mashuhuri kuliko wote, aliyefariki mwaka 1936, bado anasimuliwa kwamba aliweza kukausha miti kwa kuinyoshea kidole, na kwamba akicheza hakuna aliyebaki upande wa pili. Dawa ya kuvuta watu inaitwa samba. Mwenzetu wa Bukoba alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba atakaa chini ya mwembe na kulinda mizigo.

Mwingine aliyekuwa na wasiwasi alikuwa mwenzetu wa Kwimba, na wake ulikuwa wa aina nyingine. Babu yake mzaa baba alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, upande wa Wagalu. Alipotaka kubatizwa, katekista wa kigango chao alimwambia achague. Akachagua. Samba akaitupa, ngoma akaipandisha darini, na tangu hapo hakuonekana tena uwanjani hata siku moja, si kucheza wala kutazama. Mwenzetu hakuwahi kumsikia akiimba kitu kingine zaidi ya nyimbo za kitabu cha Misa, tena kwa sauti ya chini. Sasa wiki moja kabla ya Bulabo, mzee akapeleka ujumbe kwa simu ya mjomba: nasikia mtacheza Bujora, nitakuja.

“Anakuja kutazama au anakuja kunitoa uwanjani?” mwenzetu alituuliza. Hatukujua. Tulimwambia anakuja kutazama. Hatukuwa na uhakika hata kidogo.

Misa ya siku ile hatuwezi kuieleza vizuri, na labda ni afadhali. Tulifika mapema, tukasimama nje kwa sababu ndani kulishajaa. Wakati wa maandamano ngoma zilianza kabla hatujaona kitu, na zile ngoma kubwa za Kisukuma huzisikii masikioni kwanza, unazisikia hapa penye mbavu. Kisha wakatokea watoto na vikapu vya maua, akina mama wakipiga vigelegele, wazee wenye migolole, na nyuma yao Padre akiwa ameishika monstransi juu, vumbi jekundu likipanda hadi kiunoni mwa kanzu yake. Mmoja wetu, ambaye ni mtu wa mizaha na hata kwenye mafungo huwa anachekesha, alipiga magoti mahali penye mavi ya mbuzi na hakuinuka mpaka Ekaristi ilipopita. Hatukumtania. Kama siku ingeishia pale tungerudi nyumbani tukiwa watu wenye furaha tele, na viatu vyetu vyote.

Mchana ukaja na mambo yake. Jua la Juni Usukumani si la mzaha, mvua zimeshakatika na hakuna hata wingu la kusingizia. Maji ya chupa yalikuwa yamepanda bei. Foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko foleni ya komunyo, na ilikwenda polepole zaidi. Kampuni moja ilikuwa imeweka hema la kuuza laini za simu, na spika zake mbili zilipiga Bongo Fleva bila kupumzika, kiasi kwamba ukisimama katikati ya uwanja sikio moja lilikuwa la babu zetu na jingine lilikuwa la Dar es Salaam. Wengi wetu tamasha kubwa tulilokuwa tunalijua ni lile la uwanja wa CCM Kirumba, tulilokuwa tunalisikia usiku kwa mbali tukiwa watoto mjini, tukilala na wivu. Tulidhani tamasha ni jukwaa, taa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Hapa hapakuwa na jukwaa. Watu walikuwa wamejaa uwanja mzima, na kila penye duara la watu palikuwa na ngoma katikati yake.

Tuliona kikundi cha bugobogobo cha wakulima wa kweli. Tunasema wa kweli kwa sababu mikono yao ilikuwa na sugu na majembe yao yalikuwa yamelika ncha kwa kulima. Walikuwa safu mbili. Mpigaji alipobadilisha mdundo, majembe kumi na kitu yalipaa kwa pamoja, yakazunguka hewani, yakadakwa kwa pamoja, mlio mmoja tu, pa! Mzee wa makamo katikati yao aliweka mpini wa jembe kwenye paji la uso, akapiga magoti, akalala chali, akainuka, jembe limesimama vilevile. Tulitazamana. Mmoja wetu akasema taratibu, “Jamani, sisi tumekuja kufanya nini hapa?” Hakuna aliyemjibu, kwa maana zamu yetu ilikuwa baada ya dakika ishirini.

Tulivaa, tukaweka viatu na mifuko chini ya mwembe kwa mwenzetu wa Bukoba, tukaingia. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mtu aliyetutangaza alisema hawa ni mafrateri, na neno hilo peke yake lilileta watu labda mia mbili, hasa akina mama na watoto, wakitaka kuona mapadre wa kesho wanavyokata kiuno. Tulianza wimbo. Tulirusha majembe mara ya kwanza, yakarudi yote. Wakashangilia. Tulijisikia kama tumebebwa.

Kisha upande wa kushoto, hatua kama sitini kutoka kwetu, wakaingia Bayeye, watu wa nyoka, wakiwa na sanduku la mbao.

Hatukuwaona. Tuliona tu nyuso. Mtu aliyekuwa anatutazama anageuza shingo, anarudisha, anageuza tena, anamgusa jirani yake. Halafu mguu mmoja unatoka. Unakumbuka wavuvi wa dagaa wanavyowasha karabai ziwani usiku usio na mbalamwezi, dagaa wakaifuata? Karabai ikihamishwa, nao wanahama. Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mtu aliyetuzomea. Wangetuzomea tungekuwa na la kusema. Waliondoka tu kwa adabu, wengine wakitutabasamia wakiwa wanarudi kinyumenyume, na kelele za kule zikapanda kwa sababu chatu alikuwa ametolewa kwenye sanduku na mchezaji amemvaa shingoni kama stola. Tulirusha majembe mara ya pili, na moja likamponyoka mwenzetu, likaanguka chini mbele ya watoto sita. Watoto wakacheka sana, na hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa zaidi tulichopata.

Tuseme ukweli kilichotuuma. Sisi ni watu wanaosomea kusimama mbele ya watu. Tumefundishwa namna ya kupanga mahubiri, kuanza kwa mfano, kutopitisha dakika kumi. Lakini waamini wa Jumapili hawaondoki. Wakichoka wanasinzia, au wanatoka nje kama mtu anayepokea simu, wakarudi kwenye matoleo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa padre miaka arobaini asijue. Pale Bujora tulijua kwa dakika nne. Na kilichouma zaidi ni kwamba hata sisi, tuliokuwa tunacheza, tulitamani kwenda kumwona chatu.

Walibaki wale watoto, mama mmoja muuza michembe ambaye biashara yake ilikuwa palepale, na mzee mmoja aliyesimama na fimbo, kofia mkononi. Mwenzetu wa Kwimba alimwona wakati uleule tulipomwona sisi. Akakosea hatua.

Mzee akaanza kutujia. Alitembea polepole, akipita katikati ya safu zetu kana kwamba hatupo, mpaka kwa mpigaji wetu wa ngoma kubwa. Tukaacha kucheza. Akamwambia kitu kwa Kisukuma, na mwenzetu baadaye alitutafsiria: “Unapiga kama mtu anayebisha hodi. Wewe si mgeni hapa, ingia.” Akachukua vijiti. Mikono yake ilikuwa inatetemeka alipovishika, na ilitetemeka mapigo mawili matatu ya kwanza. Halafu haikutetemeka tena.

Kisha akaimba. Hatutaandika maneno ya wimbo wake hapa, kwa sababu ni wake na kwa sababu wengi wetu hatukuyaelewa. Sauti ilikuwa imechakaa, ilikatika mahali pa juu, lakini ilijua inakokwenda. Mwenzetu wa Kwimba alisimama na jembe mkononi kama mtu aliyesahau limetoka wapi. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza mama muuza michembe akaitikia. Akaitikia vizuri kabisa, mahali pake, bila kuinuka kwenye kigoda. Wakaja bibi wawili kutoka kwenye kivuli, wakaja wazee wengine watatu, mmoja akiuliza kwa sauti huyo ni nani, si mtu wa Kwimba huyo? Hapo tukaanza kucheza tena, safari hii bila mbwembwe za kurusha, tukifuata tu anachopiga.

Msomaji asifikiri kwamba umati ulirudi. Haukurudi. Tulipohesabu baadaye tulikubaliana watu kumi na wanne, pamoja na watoto. Chatu alishinda, na kwa haki.

Mzee alipomaliza alikaa chini, akaomba maji. Tukamsalimia, “Mwadila,” akaitikia mmoja mmoja. Kisha akauliza, kupitia kwa mjukuu wake:

“Haya mnayofanya, mapadre wanajua?”

Tulitazamana. “Wanajua, babu,” tulisema. Tulimaanisha kwa ujumla.

“Na Kanisa linaruhusu?”

“Linaruhusu.”

“Tangu lini?”

Mwenzetu wa Bukoba, ambaye hatukujua amefika saa ngapi pale duarani, ndiye aliyejibu, maana siku zote yeye ndiye mwenye tarehe. “Tangu 1963, babu. Na hapa Bujora hata kabla ya hapo.”

Mzee alibatizwa Pasaka ya 1974. Mjukuu wake alikuwa ametuambia, na tuliona wote kumi na mmoja tumefanya hesabu ileile kwa wakati uleule. Mzee naye aliifanya. Ilimchukua muda kidogo.

“Basi,” akasema, “barua ilichelewa kufika Kwimba.”

Alicheka. Baadhi yetu tukacheka pia kwa sababu alicheka. Mwenzetu wa Kwimba hakucheka. Alimuuliza kama alikuwa na hasira na yule katekista. Mzee akasema hapana, yule alikuwa mtu mwema, alimzika mtoto wao wakati hakuna mwingine aliyethubutu kukaribia nyumba ile yenye ugonjwa. Akasema pia kwamba samba alifurahi kuitupa, ilikuwa inamnyima usingizi, kwa sababu mtu wa samba kila siku anaogopa samba ya mwenzake. “Lakini ngoma haikuwa na kosa,” akasema. Akavaa kofia. Mjomba alikuwa anamsubiri na pikipiki, ampeleke kwenye basi la Ngudu kabla jua halijazama.

Baada ya kumsindikiza ndipo tulipokumbuka mwembe.

Mwenzetu wa Bukoba alikuwa ameacha mizigo ili asogee asikilize. Mfuko mmoja haukuwepo, ule wenye hela zetu zote za chakula na nauli, shilingi 74,000, na jozi moja ya viatu vya ngozi ambavyo mama wa mwenzetu alimnunulia siku ya kuvaa kanzu. Alisimama pale chini ya mti akitazama nyasi zilizolala mahali mfuko ulipokuwa. Tulikuwa na njaa na tulikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na tuliyasema baadhi. Haya ndiyo maneno ambayo wengine wetu wangependa yafutwe. Mtu aliyekataa kucheza kwa kuogopa dawa za kuvuta watu, ndiye aliyevutwa mpaka akaacha mizigo: tulimwambia hivyo, tukacheka kwa ubaya, naye hakujitetea. Alivua viatu vyake, akampa aliyeibiwa. Havikumwenea. Kwa hiyo wote wawili wakawa pekupeku mpaka kituoni, viatu vikiwa mkononi mwa mmoja, kila mmoja akimwambia mwenzake avae.

Aliyetuokoa ni mama wa michembe. Alikuwa ameona yote. Alitupa michembe ya kutosha kwenye gazeti, na noti ya 10,000, akasema tutarudisha tukiwa mapadre, na kama hatutakuwa mapadre turudishe mapema zaidi. Akaongeza, bila kuulizwa: “Mlicheza vibaya, wanangu.” Tukasema ndiyo, mama, wabeja. Hela hiyo ilitufikisha wote mjini, kwa kondakta aliyekubali kutupunguzia baada ya kuhesabu majembe na kuamua kwamba sisi ni vibarua.

Kutoka mjini tukatembea. Mkuyuni, Butimba, ziwa likiwa upande wetu wa kulia, na huko mbali kwenye giza taa za wavuvi. Njia nzima tulibishana juu ya katekista. Wengine walisema alikosea, kwamba alimnyang'anya mtu sauti yake miaka hamsini kwa kutojua jambo ambalo tayari lilikuwa limeandikwa. Wengine walisema kitabu kilikuwa Roma na samba ilikuwa Kwimba, na mtu aliyekuwa Kwimba ndiye aliyepaswa kuamua usiku uleule, bila maktaba. Mwenzetu wa Bukoba alikuwa upande wa katekista. Mwenzetu wa Kwimba, tulishangaa, naye alikuwa upande huohuo. Hatukukubaliana, na hata katika kuandika aya hii hatujakubaliana.

Wiki mbili baadaye uliletwa mzigo kwa basi la Ngudu, umefungwa kwa gunia la mahindi. Ilikuwa ngoma. Mti wake ni mzima, mzito, umeiva kwa moshi wa jikoni, lakini ngozi ilishatobolewa na panya miaka mingi iliyopita. Hapakuwa na barua. Padre mlezi aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema kwa sasa ikae bwenini mpaka atakapozungumza na Gambera mahali pa kuiweka. Iko chini ya kitanda cha mwenzetu wa Kwimba, na haitoshi vizuri, kwa hiyo kitanda kimeinuka upande mmoja.

Mama wa michembe tumeshamrudishia 10,000 yake. Fundi mmoja wa Igoma ametuambia kuwamba upya kwa ngozi nzuri ya ng'ombe kutatugharimu 40,000. Mpaka tunapomaliza kuandika haya tumechanga 23,500, na mchango mkubwa kuliko wote umetoka kwa mwenzetu wa Bukoba.